Kati ya 'mshukiwa' na 'muuaji': Pale uhuru wa mwanahabari unapopimwa

Jumatatu iliyopita jioni nilikuwa nimeketi ndani ya matatu ya Kesses hapa mjini Eldoret, tukisubiri abiria wawili wa mwisho, simu yangu ilipolia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi ripota wa redio moja ya hapa mjini. Hakunijulia hali kwa kirefu kama ilivyo ada yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisaidie neno moja tu. Taarifa inasomwa baada ya dakika ishirini."

"Marahaba, mwanangu. Neno gani?"

"Kuna mtu ameshikwa leo asubuhi, wanasema ameua jirani yake. Hajafika kortini bado. Mhariri anataka tuseme 'muuaji anaswa'. Mimi nimeandika 'mshukiwa'. Ananiambia ati neno langu limepoa, wasikilizaji watahamia stesheni nyingine. Halafu kuna picha inazunguka kwa WhatsApp, ni ya mtoto wake akiwa na sare ya shule. Wenzetu wameshaiweka Facebook. Sasa sisi tuiweke ama tuiache?"

Nilimjibu upesi: aseme mshukiwa, na picha ya mtoto aiache. Akashukuru, akakata simu. Matatu ikajaa, tukang'oa nanga. Lakini njiani mawazo hayakunipa amani. Nilijiuliza ikiwa nimempa binti huyu jibu la kutosha, ama nimempa amri tu kama mhariri wake alivyompa amri.

Aghalabu tunapozungumzia uhuru wa vyombo vya habari, tunawazia mvutano mkubwa wa Nairobi: serikali upande mmoja, wahariri upande wa pili, na mahakama katikati. Mvutano huo upo na nitaurejelea. Hata hivyo, nashikilia kwamba mizani ya uhuru na maadili hushikwa kwanza na ripota aliye na dakika ishirini na neno moja la kuchagua. Kwa hivyo leo, msomaji wangu, tuyapime maneno yenyewe.

Tuanze na neno 'mshukiwa'. Limetokana na kitenzi 'shuku', likaundwa kwa kauli ya kutendwa. Mshukiwa ni mtu anayeshukiwa. Tendo lililomo ndani ya neno hili ni la yule anayeshuku: polisi, jirani au umma. Neno halisemi lolote kuhusu alilofanya mtu huyo. Ndugu yake ni 'mtuhumiwa', neno linalopendwa zaidi na magazeti ya Tanzania, nalo vilevile linamtaja mtu aliyeelekezewa tuhuma. Akisomewa mashtaka mbele ya hakimu huwa 'mshtakiwa'. Mahakama ikimpata na hatia, hapo tu ndipo mwanahabari anapopata idhini ya kumwita mwizi, mlaghai au muuaji. Hii ni ngazi yenye vidato vinne, na kila kidato kina mlinzi wake. Mwanahabari anayeruka kutoka kidato cha kwanza hadi cha mwisho amefanya kazi ya polisi, ya kiongozi wa mashtaka na ya hakimu kwa sentensi moja.

Tazama sasa neno 'muuaji'. Kiambishi tamati '-ji' katika Kiswahili huunda nomino ya mtu atendaye jambo kwa mazoea au kwa kazi yake: mchezaji, mwimbaji, msomaji. Ukimwita mtu muuaji humwambii msikilizaji kwamba mtu huyo ameua tu. Unamwambia kwamba kuua ndiyo sifa yake, kama kuimba kulivyo sifa ya mwimbaji. Ndiyo maana neno hilo lina moto ambao mhariri wa binti yule aliutaka. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 50, inasema kila mshtakiwa ana haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hicho hukanyagwa mara nyingi kuliko tunavyodhani, na mguu unaokikanyaga aghalabu ni nomino.

Nakiri kwamba siyasemi haya kama mtu asiye na doa. Miaka mingi iliyopita, kabla ya kuingia darasani, nilifanya kazi ya kutafsiri na kusanifu habari katika chombo kimoja ambacho sitakitaja. Siku moja ililetwa habari ya mtu aliyekamatwa kwa madai ya kuiba pesa za kikundi cha akina mama. Kichwa cha habari kilikuwa kirefu, nafasi ilikuwa finyu, nami nikafupisha. Nikaandika 'mwizi'. Neno lenye herufi tano lilitosha vizuri pale. Miezi kadhaa baadaye mtu huyo aliachiliwa baada ya kubainika kwamba pesa zilikuwa benki muda wote. Tulichapisha masahihisho ya mistari mitatu, kwenye ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mbegu za mahindi. Baadaye mkewe alinitafuta. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kijana wao alikuwa ameacha shule, maana huko alikuwa akiitwa 'mtoto wa mwizi', na wenziwe hawakuwa wamesoma ukurasa wa ndani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kanuni za maadili ya uanahabari zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zinataka kosa lisahihishwe upesi, na kwa uzito unaostahili. Tena zinawakataza wanahabari kuwatambulisha jamaa na marafiki wa mtu anayetuhumiwa uhalifu, ila pale ambapo habari yenyewe haiwezi kusimama bila wao. Zina pia kipengele kinachowalinda watoto. Binti yangu wa redio alikuwa ameshika picha inayogusa vipengele hivyo viwili kwa pamoja. Mtoto mwenye sare ya shule hana kesi. Sare ile inamtangaza yeye, shule yake na njia anayopitia kwenda nyumbani.

Hapo ndipo tunapolikuta neno 'faragha'. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake unabeba dhana ya utupu, nafasi iliyo wazi. Faragha ni ile nafasi iliyomzunguka mtu ambayo wengine hawana budi kuiacha tupu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinailinda: mwili wa mtu, nyumba yake, mali yake, habari za familia yake na mawasiliano yake. Wengi hulichanganya neno hili na 'siri', lakini maneno haya ni mbali mbali. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni mahali pa mtu. Siri inaweza kuwa mbaya au nzuri, ya mtu mmoja au ya afisi nzima. Faragha ni haki. Mwanahabari mwema hutumia maisha yake kufichua siri zinazouhusu umma, na papo hapo huhadhari asikanyage faragha isiyouhusu.

Mfano wa siri iliyostahili kufichuliwa tunao hapa hapa Uasin Gishu. Wazazi wengi walilipa pesa kupitia mpango uliosimamiwa na kaunti ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Wengine waliuza mashamba na ng'ombe. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi walijaa barabarani mjini Eldoret wakiuliza pesa zao ziko wapi, na vyombo vya habari vikawafuata kwa kamera na vinasasauti. Kama wanahabari wangeambiwa kwamba hayo ni mambo ya ndani ya afisi, tungejua nini? Pesa za umma na za wazazi hazina faragha. Hata hivyo, ngazi yetu ya maneno haikuondoka. Aliyekuwa gavana, Jackson Mandago, aliposhtakiwa pamoja na wenzake Agosti 2023 kuhusiana na zaidi ya Sh1 bilioni za mpango huo, alikana mashtaka. Kwa hiyo neno lililofaa kwake siku ile lilikuwa 'mshtakiwa', si moto zaidi wala si baridi zaidi. Maadili hayawi maadili ikiwa yanawalinda tu tunaowapenda.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mnamo Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ameshiriki mbio za marathoni za Olimpiki jijini Paris mwezi uliotangulia, alilazwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuteketezwa nyumbani kwake katika Kaunti ya Trans Nzoia. Aliaga dunia tarehe 5. Macho ya ulimwengu yaliigeukia hospitali yetu. Je, umma ulihitaji kujua nini? Ulihitaji kujua kwamba mwanamke ameuawa, kwamba hakuwa mwanariadha wa kwanza wa kike kuuawa katika eneo hili, maana Agnes Tirop alikuwa ameuawa Iten Oktoba 2021, na kwamba kuna maswali ambayo polisi wanapaswa kujibu. Je, ulihitaji kuona majeraha? Ulihitaji kuwasikia watoto wakisimulia walichokiona? Kanuni za maadili zinamtaka mwanahabari awaendee waliofiwa kwa huruma na busara. Kujua ni haki ya umma. Kuchungulia ni jambo jingine, na Kiswahili kina jina lake: udaku.

Lakini ngoja, msomaji wangu, usije ukadhani kwamba faragha daima ni upande wa wanyonge. Mara ngapi tumesoma kwamba mwanamke amefariki 'kufuatia mzozo wa kinyumbani'? Chunguza maneno hayo. 'Mzozo' ni wa watu wawili, kana kwamba wote walishika panga. 'Kinyumbani' linalirudisha jambo ndani, linafunga mlango na kutuambia sisi wapita njia tuendelee na safari. Katika sentensi hiyo hakuna mtendaji. Mwanamke 'amefariki', kama mtu aliyeugua. Hapa adabu ya juujuu imefanya kazi ya kuficha uhalifu. Mwanahabari anaweza kuandika kwamba mwanamke 'ameuawa kwa kudungwa kisu, na polisi wanamzuilia mumewe kama mshukiwa'. Sentensi hiyo haimhukumu mtu, na haimfichi mtu. Inawezekana kusema kweli yote iliyothibitishwa bila kuongeza chumvi na bila kupunguza.

Kuna na mwavuli mwingine: 'inadaiwa'. Siku hizi ripota akiweka 'inadaiwa' mwanzoni mwa sentensi huona ameshajikinga na mvua yote ya mahakama. Inadaiwa na nani? Kauli ya kutendwa inaruhusu mtendaji aachwe, na hapo ndipo umbea unapopata kiti. Kurudia kashfa ya mtu mwingine hakukuondolei lawama kisheria kwa kuwa tu umetanguliza 'inadaiwa'. Linganisha na maneno 'mahakama iliambiwa kwamba'. Haya yana nguvu, kwa sababu Sheria ya Kashfa ya Kenya inaikinga ripoti ya haki na sahihi ya gazeti kuhusu yaliyosemwa mbele ya mahakama. Tofauti ni kwamba maneno haya yana mahali, yana wakati, na yana mtu aliyeyasema chini ya kiapo au kama wakili. Kwa hivyo nawashauri vijana: kila mnapoandika 'inadaiwa', jiulizeni 'na nani?' Mkikosa jibu, futeni sentensi.

Sasa turudi kwenye mvutano mkubwa. Hapa kwetu Bonde la Ufa mjadala huu una makaburi. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Siku mbili baadaye, Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, walichomwa humo ndani. Kabla ya hapo na baadaye, redio zilizotangaza kwa lugha za mama zililaumiwa kwa kupalilia chuki, na Tume ya Waki ilisikia malalamishi hayo. Mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi yake ikaanza kusikizwa The Hague Septemba 10, 2013. Aprili 5, 2016, majaji walio wengi waliikomesha wakiona ushahidi haukutosha. Sang hakupatikana na hatia. Hata hivyo, tangu siku hizo kila mtangazaji anajua kwamba kinasasauti kinaweza kumpeleka mbali.

Nayakumbuka mambo mawili ya msimu ule. Kwanza, maneno yasiyo na hadhari yalitisha. Pili, kimya cha lazima nacho kilitisha. Matangazo ya moja kwa moja yalipozimwa, uvumi haukuzimwa. Ulihamia kwenye ujumbe mfupi wa simu, na huko haukuwa na mhariri, jina, wala anwani ya kupeleka malalamishi. Wanaotaka uhuru usio na mipaka na wanaotaka swichi ya kuzimia mitambo, wote wawili wana la kujifunza kutoka Eldoret.

Chukua neno 'madoadoa'. Kisarufi ni neno safi. 'Doa' ni alama, 'madoadoa' ni alama nyingi zilizotapakaa, kama za chui au za kitambaa cha gauni. Lakini katika Bonde la Ufa, tangu miaka ya 1990, neno hili lilielekezewa watu wa jamii zilizohamia hapa, kama uchafu unaopaswa kuondolewa. Januari 8, 2022, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alilitamka katika mkutano wa kisiasa papa hapa Eldoret. Siku iliyofuata alikamatwa. Miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Kamusi haikuandika historia hiyo, ila waliohamishwa makwao wanaikumbuka.

Je, mwanahabari aliripoti vipi neno kama hilo? Akilificha, umma hautajua kwa nini mwanasiasa amekamatwa, na mwanasiasa hatawajibika. Akilirudia kutwa kucha kama kiitikio, amegeuka kipaza sauti chake. Njia iliyo katikati ni kulinukuu: ataje aliyelisema, aliposema, maana yake katika historia ya hapa, na kwa nini watu walishtuka. Kunukuu ni kuliweka neno mezani ili lichunguzwe. Katiba yenyewe, Kifungu cha 33, inatoa uhuru wa kujieleza na papo hapo inautenga na uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kisha Kifungu cha 34 kinaikataza Serikali kuingilia vyombo vya habari au kumwadhibu mtu kwa maoni aliyoyatangaza, na kinataka chombo huru kisicho chini ya serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara ndicho kiweke viwango na kuvisimamia.

Hapa Kiswahili chetu kina upungufu unaofaa kurekebishwa. Tunatumia neno moja, 'udhibiti', kwa mambo mawili. Baraza la Vyombo vya Habari likipokea malalamishi, likawasikiza pande zote na kuamuru gazeti liombe radhi, tunauita udhibiti. Serikali ikizima runinga, tunauita udhibiti pia. Januari 30, 2018, runinga za Citizen, NTV na KTN zilizimwa kwa sababu ya sherehe ya kumwapisha Raila Odinga. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, na matangazo ya NTV, KTN na K24 yakakatwa, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo siku iyo hiyo. Napendekeza neno 'usimamizi' litumike kwa kazi ya kwanza, na 'udhibiti' libaki kwa ya pili. Mwenye kuzima mitambo asijifiche nyuma ya neno la mwenye kusikiza malalamishi.

Sheria nazo huugua maradhi ya maneno. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichofanya kuwa kosa kutuma ujumbe wa kuchukiza au wa kuudhi. Miongoni mwa sababu ni kwamba maneno yake yalikuwa mapana mno. Mtu hawezi kujua mapema ni sentensi ipi itakayomfunga. Mwaka 2017 mahakama iyo hiyo ikaondoa kosa la jinai la kashfa, na aliyekashifiwa akabaki na njia ya kudai fidia. Naziona hukumu hizi kama somo la semantiki: neno lisilo na mpaka, likiwa mikononi mwa askari, huwa pingu. Mwanahabari anatakiwa awe makini na maneno. Mtunga sheria anatakiwa awe makini zaidi.

Jumanne asubuhi binti yule alinipigia tena. Walikuwa wamesoma 'mshukiwa', na picha hawakuiweka. Mhariri alinuna. Wenzao walipata watazamaji wengi usiku ule, naye alinieleza hilo bila kuficha.

"Mwalimu, tulishindwa," akasema.

Sikutaka kumdanganya kwamba wema hulipwa kesho yake. Nilimwambia habari ya kichwa changu chenye herufi tano, ambayo sikuwahi kuwasimulia darasani. Alinyamaza kidogo.

"Huyo kijana alirudi shule?"

"Sijui," nikamjibu. "Sikuwahi kujua."

Akasema anaenda kortini, mtu yule anasomewa mashtaka saa tatu. Kuanzia saa hiyo ataitwa mshtakiwa. Nikamtakia kazi njema.